Kulea Watoto Wadogo Katika Majira ya Machipuko: Mwongozo kwa Familia Zetu za Minnesota

Mwezi wa Machi jua la Minnesota huanza kung'aa sana dirishani, na bado hewa ya nje inaweza kuwa na ubaridi wa kugandisha maji. Tofauti hiyo kati ya mwanga na joto ndiyo inayowasumbua wazazi waliokulia Mombasa, Mwanza, Bukavu au Bujumbura, kwa sababu huko jua likiwaka mtu hahitaji kuuliza kama nje kuna joto. Huku kwetu, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, mzazi anapaswa kuongozwa na kipimajoto, kalenda na kiganja chake mwenyewe alichokitoa nje ya mlango, wala asiongozwe na mng'ao wa jua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia zenye watoto wa chini ya miaka sita, hasa zile zinazoyapitia majira haya kwa mara ya kwanza au ya pili.

Katika eneo la Minneapolis na Saint Paul, wastani wa joto la juu la mchana ni takribani nyuzi 6 za Selsiasi mwezi wa Machi, nyuzi 14 mwezi wa Aprili na nyuzi 21 mwezi wa Mei. Wastani, hata hivyo, huficha mengi. Katikati ya Aprili 2018, wakati ambapo kwa mujibu wa kalenda majira ya baridi yalikuwa yamekwisha takribani mwezi mzima, theluji ya zaidi ya inchi 14 iliangukia jiji la Minneapolis ndani ya siku chache. Kwa hiyo, usiyafungie makoti mazito kabla ya nusu ya pili ya Mei, hata kama wiki nzima ya Aprili imekuwa na joto la kuvaa shati.

Saa, usingizi na simu ya bibi

Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku, saa za Minnesota husogezwa mbele zikawa saa tisa usiku. Mtu mzima hupoteza saa moja ya usingizi na kuisahau baada ya siku mbili, lakini mtoto wa miaka miwili au mitatu huweza kusumbuka wiki nzima: anakataa kulala, anaamshwa akiwa hajatosheka, na mchana anakuwa mwenye kulialia bila sababu inayoonekana. Njia inayosaidia ni kuanza mapema. Kuanzia Jumatano ya wiki hiyo, mlaze mtoto dakika 15 kabla ya muda wake wa kawaida, usiku unaofuata dakika 30 kabla, kisha 45, na kufikia Jumamosi mwili wake utakuwa umeshaisogea saa nzima. Chakula cha jioni na kuoga navyo visogezwe kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa mtoto mdogo hajui saa, anajua mfuatano wa mambo: ameoga, amekula, amesimuliwa hadithi, sasa ni kulala.

Ugumu mkubwa zaidi huja baadaye. Wazazi wengi wetu tumetoka karibu na ikweta, ambako jua huchwa karibu saa ile ile mwaka mzima, na tumezoea kumwambia mtoto kwamba giza likiingia ni wakati wa kurudi ndani. Minneapolis, mwanzoni mwa Machi, jua huchwa karibu saa kumi na mbili jioni. Baada ya saa kusogezwa huchwa baada ya saa moja. Na ifikapo mwisho wa Mei huchwa karibu saa tatu kasorobo usiku. Mtoto aliyeambiwa kwamba usiku ni giza atakuwa na haki ya kubisha anapopelekwa kitandani saa mbili wakati nje bado kunang'aa. Usibishane naye juu ya jua. Weka pazia zito chumbani, au kitenge kilichokunjwa mara mbili na kubanwa juu ya pazia la kawaida, zima taa na televisheni nusu saa kabla, na shikilia muda ule ule kila siku, zikiwemo Jumamosi na Jumapili. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Familia ikiufuata mwanga wa nje, mtoto atazikosa saa hizo kuanzia Aprili hadi Agosti.

Kuna jambo jingine dogo ambalo husahauliwa. Kabla ya Machi, Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya Minnesota kwa saa tisa. Baada ya saa kusogezwa, tofauti inakuwa saa nane, na kwa Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi inakuwa saa saba. Ikiwa watoto wamezoea kuzungumza na bibi au babu kila Jumamosi saa tatu asubuhi kwa saa za hapa, simu iliyokuwa ikilia Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni sasa italia saa kumi na moja. Wajulisheni wazee mapema, wasije wakasubiri au wakapigiwa simu wakiwa sokoni.

Mavazi ya siku yenye hali tatu

Siku moja ya Aprili inaweza kuanza na sakitu, ikawa na joto la kuvaa fulana saa nane mchana, na kumalizika kwa mvua ya baridi. Mvalishe mtoto nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, ziwe rahisi kuvua: fulana ya mikono mirefu, sweta, kisha koti jepesi lisilopitisha maji. Mtoto mchanga asiyetembea, ambaye hapati joto la kukimbia, aongezewe vazi moja zaidi ya lile ambalo wewe mwenyewe unahitaji. Ili kujua kama amevaa vya kutosha, mguse shingoni kwa nyuma, kwa sababu mikono na pua vinaweza kuwa baridi huku mwili ukiwa na joto zuri. Ukikuta jasho, punguza. Ukikuta ubaridi, ongeza.

Theluji inapoyeyuka huacha matope kila mahali, na hapo viatu vya mpira vya mvua vina kazi kubwa kuliko viatu vya theluji. Vinunuliwe katika maduka ya mitumba, pamoja na suruali ya mvua, maana mtoto hukaa katika kipimo kimoja kwa msimu mmoja tu. Tenga sehemu moja mlangoni yenye ndoo ya maji, taulo kuukuu na kapu la soksi kavu, na watoto wafundishwe kuishia hapo. Ukiwa na utaratibu huo, matope hayatakuwa sababu ya kuwazuia wasitoke.

Jambo la usalama ambalo wengi hawajaambiwa ni hili: mtoto asifungwe mkanda wa kiti chake cha gari akiwa amevaa koti nene lililojazwa manyoya au sufi. Gari likigonga, koti hilo husinyaa ghafla, mkanda unabaki umelegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mvue koti, mfunge mkanda ukiwa umekaza kifuani, kisha umfunike juu ya mkanda kwa koti lenyewe, blanketi au shuka la Kimasai.

Kutoka nje kila siku

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi. Wazee wetu walitufundisha kumkinga mtoto na baridi kwa sababu walihofia nimonia, na hofu hiyo ina heshima yake, kwa kuwa nimonia imeua watoto wengi nyumbani. Hata hivyo, nimonia huletwa na virusi na bakteria, na vimelea hivyo huenea kwa urahisi zaidi watu wanapokaa pamoja katika vyumba vilivyofungwa, jambo ambalo familia za Minnesota hulifanya kuanzia Novemba hadi Machi. Mtoto aliyevaa vizuri, ambaye hana homa wala shida ya kupumua, hadhuriki kwa kucheza nje katika nyuzi 5 au 8 za Selsiasi. Faida anazozipata ni nyingi: anakula vizuri, analala mapema, anaona watoto wenzake, na macho yake yanazoea kuangalia mbali baada ya miezi ya kuta na skrini.

Anza na dakika 20 kwa siku mwezi wa Machi, katika muda maalumu usiobadilika, kwa mfano baada ya uji wa asubuhi au mara baada ya mzazi kurudi kutoka kazini. Ifikapo Mei iwe saa nzima au zaidi. Kwa kuwa wazazi wengi hapa hufanya kazi za zamu, na mmoja huingia nyumbani wakati mwingine anatoka, ni vyema familia mbili au tatu za jengo moja au mtaa mmoja zikapeana zamu ya kuwapeleka watoto kwenye uwanja wa michezo. Nyumbani tulilelewa hivyo, na huku inawezekana pia, ilimradi mkubaliane waziwazi nani anawaangalia, saa ngapi, na nani anapigiwa simu.

Matembezi hayo ndiyo nafasi bora ya kumpa mtoto Kiswahili. Ndani ya nyumba, maneno ya siku nzima huwa ni yale yale: kula, vaa, acha, njoo. Nje kuna chipukizi, gome, kiota, jongoo, dimbwi, ukungu, utelezi, na mtoto hulishika neno akiwa ameshika kitu chenyewe. Mwulize akuonyeshe mti ambao jana haukuwa na majani. Mwezi wa Mei, mti unaweza kubadilika ndani ya siku tatu, na mtoto wa miaka minne huliona hilo mapema kuliko sisi.

Kuhusu jua lenyewe, watoto wenye ngozi nyeusi wanaokulia huku juu huweza kupungukiwa na vitamini D baada ya majira marefu ya baridi. Madaktari wa watoto wa Marekani hupendekeza mtoto anayenyonya apewe matone ya vipimo vya kimataifa (IU) 400 vya vitamini hiyo kwa siku tangu siku za kwanza, na IU 600 kwa siku zitokane na chakula au dawa baada ya kutimiza mwaka mmoja. Usiyaache matone hayo eti kwa sababu jua limerudi. Mtoto wa chini ya miezi sita, kwa upande wake, akae kivulini.

Barafu, maji na madirisha

Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari kumi au zaidi, na familia nyingi zinaishi hatua chache kutoka kwenye ziwa au bwawa. Katika majira ya baridi watoto huona watu wakitembea, wakivua samaki na hata kuendesha magari juu ya barafu. Idara ya Maliasili ya jimbo hushauri kwamba barafu mpya iliyo safi iwe na unene wa angalau inchi 4 kabla mtu hajatembea juu yake, na husisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Katika machipuko kipimo hicho hakisaidii tena, kwa sababu barafu huoza kwa ndani na inaweza kuvunjika ingawa bado ni nene. Katika familia, sheria iwe moja: kuanzia Machi hakuna mtoto anayekanyaga barafu ya ziwa, hata pembeni, hata kama watu wazima wako juu yake. Barafu ikiisha, ambapo kwa maziwa ya karibu na Minneapolis ni katikati ya Aprili katika miaka mingi, maji hubaki na ubaridi unaoweza kumnyima hata mtu mzima pumzi na nguvu za kuogelea. Mtoto mdogo akiwa karibu na maji, mzazi awe umbali wa kumfikia kwa mkono, na simu iwe mfukoni.

Hatari ya pili iko nyumbani. Siku ya kwanza yenye joto watu hufungua madirisha yaliyokuwa yamefungwa tangu Oktoba, na wale wanaoishi ghorofani huamini kwamba wavu wa wadudu utamzuia mtoto. Wavu huo umetengenezwa kuzuia mbu na nzi. Uzito wa mtoto ukiuegemea, hung'oka. Ondoa kitanda, kochi na stuli chini ya dirisha, na weka kizuizi ili dirisha lisifunguke zaidi ya inchi 4. Kama umepanga, mwombe mwenye nyumba akuwekee kizuizi hicho, na ombi hilo liwe la maandishi.

Kupe

Wengi wetu tunamjua kupe kama tatizo la ng'ombe na mbwa. Huku, kupe mwenye miguu myeusi huwaambukiza binadamu bakteria wa ugonjwa wa Lyme, na Minnesota ni miongoni mwa majimbo yenye ugonjwa huo kwa wingi. Kupe wazima huanza kutembea mara theluji inapoisha. Wale wachanga, walio wadogo kuliko punje ya ufuta, huenea kuanzia Mei. Hukaa kwenye nyasi ndefu, majani makavu na vichaka vya pembezoni mwa misitu.

Watoto wakirudi kutoka sehemu za namna hiyo, nguo zao ziwekwe katika mashine ya kukaushia kwa joto kali kwa dakika kumi kabla ya kufuliwa, kisha waogeshwe na kukaguliwa mwili mzima: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, kwenye kinena, nyuma ya magoti na kichwani. Kwa msichana aliyesukwa, pitisha kidole polepole katika kila mstari wa msuko. Ukimkuta kupe amenasa, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, kisha osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Usimpake mafuta, usimchome kwa moto, usimmwagie mafuta ya taa. Kupe aliyeondolewa kabla ya saa 24 kupita mara nyingi hajapata muda wa kuambukiza, ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni una thamani kuliko dawa yoyote.

Kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, angalia kama kuna alama inayopanuka, homa au maumivu ya viungo. Vitabu na vipeperushi vingi huonyesha alama nyekundu juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi huweza kuwa ya kahawia iliyokoza au ya zambarau, na ni rahisi kudhaniwa kuwa ni jeraha la kugongwa. Mweleze daktari waziwazi kwamba mtoto aliumwa na kupe na ni lini. Dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET haitumiki kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, na mafuta ya mkaratusi wa limau hayatumiki kwa aliye chini ya miaka mitatu.

Mafua yasiyokuwa na homa, yenye macho ya kuwasha na chafya zinazojirudia kila Aprili, yanaweza kuwa ni mzio wa chavua za miti. Mwoshe mtoto uso na mikono anapoingia ndani, mbadilishe nguo, na umwone daktari badala ya kumpa dawa ya mtoto mwingine.

King'ora cha Jumatano

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa saba mchana, ving'ora vya tahadhari hujaribiwa sehemu nyingi za Minnesota, na mwezi wa Aprili kuna wiki ya maandalizi ya hali mbaya ya hewa yenye mazoezi ya tonado, yaani kimbunga kikali cha upepo unaozunguka. Kwa familia zilizokimbia vita mashariki mwa Kongo au Burundi, sauti hiyo inaweza kumrudisha mtoto, na mzazi pia, mahali ambapo hakuna anayetaka kurudi. Mweleze mtoto siku iliyotangulia kwamba kesho kutalia king'ora cha majaribio, kwamba hakuna anayekuja, na kwamba kitanyamaza baada ya muda mfupi. Kama inawezekana, kaa naye saa hiyo.

Siku ambayo kengele ni ya kweli, familia ishuke kwenye chumba cha chini ya ardhi, au iingie katika chumba cha ndani kisicho na madirisha kwenye ghorofa ya chini kabisa. Zoezi hilo mlifanye mara moja mkiwa watulivu: mtoto achague mwanasesere au kitabu kitakachokaa huko pamoja na tochi, maji na viatu. Mtoto anayejua njia na anayejua kwamba kitu chake kipo huko hushuka bila kuburutwa.

Bustani ya mtoto

Baadhi ya miji ina bustani za jamii, na viwanja vyake hugawiwa mwishoni mwa majira ya baridi, kwa hiyo ulizia kabla ya Aprili. Asiyepata kiwanja atumie ndoo zilizotobolewa chini. Mwanzoni mwa Aprili watoto wapande mbegu za nyanya ndani ya nyumba, kwenye vikopo vilivyowekwa penye dirisha la kusini. Sukuma wiki huvumilia baridi na inaweza kwenda nje kuanzia mwisho wa Aprili. Mchicha, kunde na miche ya nyanya visubiri udongo upate joto, nao ni baada ya katikati ya Mei. Mchicha uliopandwa mapema hudumaa au kuoza, na mtoto aliyeumwagilia kila siku huvunjika moyo.

Kwenye udongo wa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 kunaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu, yaliyotokana na rangi za zamani, hasa karibu na kuta. Katika nyumba za namna hiyo tumia udongo wa kununua ndani ya ndoo, watoto wanawe mikono kila wanapomaliza, na umwombe daktari ampime mtoto kiasi cha madini hayo kwenye damu akiwa na umri wa mwaka mmoja na tena akiwa na miwili. Kila mtoto apewe ndoo yake mwenyewe. Mchicha unafaa kuliko mimea mingine kwa mtoto wa miaka mitatu, kwa kuwa huota ndani ya siku chache na huchumwa baada ya wiki nne hadi sita, muda ambao subira ya umri huo inaweza kuufikia.

Mwisho wa Mei, fungua sanduku la nguo za baridi kwa mara ya mwisho: fua kila kitu, tenga visivyowatosha watoto na umpelekee jirani mwenye wadogo zaidi. Kisha pita tena kwenye maduka ya mitumba, kwa sababu wakati huo makoti na viatu vya theluji huuzwa kwa bei ya chini, na ununue vya kipimo kinachofuata kwa ajili ya Novemba.